Mimi, Mke Wangu na Wodi ya Wazazi

Ukimwona nesi kasinzia kwenye daladala asubuhi, mdomo wazi, usimcheke. Huenda usiku wa jana kapokea watoto kumi.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna mtu atakayekwambia kabla hujaoa nesi. La kwanza, utajua kupika, upende usipende. La pili, utazoea kuongea na mkeo kwa vikaratasi. Vyetu tunabandika kwenye mlango wa friji: "Mtoto kanywa dawa ya kikohozi saa 12. Maharage yapo kwenye bakuli la bluu. Nimechoka, nakupenda, usiniamshe." Miaka sita ya ndoa, na barua nilizoandikiwa ndani ya nyumba ni nyingi kuliko zile za enzi za uchumba!

Waifu wangu ni mkunga. Watu humwita nesi na yeye hakatai, lakini ukitaka kumfurahisha mwite mkunga. Yupo wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya serikali hapa Dar es Salaam. Jina la hospitali nalihifadhi kwa sababu yeye si msemaji wake. Majina ya wagonjwa ndiyo kabisa, maana hata mimi mumewe hajawahi kunitajia hata moja. Mimi nafanya kazi benki. Zamu yake ya usiku ni saa 1:30 jioni mpaka saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo kuna wiki tunapishana njiani, mimi kwenye daladala inayotoka mjini, yeye kwenye inayoingia. Siku moja pale Tabata tulipungiana mikono madirishani kama wachumba wa kwenye sinema. Konda akacheka sana.

Mhariri aliponiomba niandike kuhusu watu wa afya wanaobadilisha huduma, nilimwambia sina haja ya kwenda mbali. Ila nilimpa sharti moja: nisiandike kwa lugha ya semina.

MBONA ANALALA MCHANA?

Shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Morogoro. Siku ya pili akanivuta pembeni, sauti ya chini: "Baba, hivi mkeo anaumwa? Mbona saa tano hii bado kalala?" Nikamwambia, "Shangazi, usiku wa jana wamezalisha kumi na moja, na yeye kapokea watano." Shangazi akanyamaza. Kisha akauliza, "Walikuwemo mapacha?" Tangu siku ile, mtu akipiga kelele barazani kwetu mchana, wa kwanza kumnyamazisha ni shangazi.

Lakini swali lake ni la wengi. Tunamwona nesi dirishani, tunaona kanuna, tunaondoka na hasira zetu. Hatuoni hesabu iliyopo nyuma ya lango. Na hesabu yenyewe ni hii: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya akina mama Tanzania walikuwa wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 81. Yaani zile kampeni zote za "mama, nenda hospitali" tulizokua nazo zimesikika. Wamekwenda! Sasa vitanda je? Wakunga je? Usiku wa kawaida waifu anakuwa na wenzake wawili, na siku mwenzao mmoja akiugua wanabaki wawili. Wakati huohuo kuna mwenye uchungu wa kwanza anayelia kwamba anakufa, kuna aliyeletwa kutoka zahanati akiwa na presha 170, na kuna ambaye mtoto amekwisha kuanza kuchungulia.

Hata hivyo kuna habari njema. Utafiti huohuo wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukapata 104. Wataalamu wanabishana kidogo kuhusu kiwango hicho, na makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yako juu zaidi, 238. Lakini mshale wote wanakubali unaelekea chini. Nilimuuliza waifu nani kaushusha. Hakujibu kwa takwimu. Alinyoosha mikono yake miwili, akaigeuza juu chini, akaendelea kumenya vitunguu.

USIKU WA MFUKO WA PLASTIKI

Mama niliyeomba ruhusa ya kumwandika alikubali, na mumewe pia, mradi nisiwataje. Yeye ni mhasibu, mumewe fundi wa AC. Ni watu kama sisi, nyumba ya kupanga, mtoto wa tatu. Alijifungua salama saa tisa usiku, mtoto wa kiume, kilo 3.4, kalia vizuri. Fundi getini akapewa habari kwa simu, akaanza kuwapigia ndugu. Kwa wengi wetu hadithi huwa inaishia hapo, watu wanatuma pongezi na picha.

Kwa mkunga, hapo ndipo anapoanza kuangalia saa.

Mwanamke anaweza kupoteza damu nyingi ndani ya dakika chache baada ya mtoto kutoka, na tatizo ni kwamba kwa miaka mingi damu hiyo ilikuwa inapimwa kwa macho. Unatazama khanga imelowa, unatazama sakafu, unakisia. Jicho la binadamu lina huruma, linapunguza. Hasa saa tisa usiku, taa moja imeungua na kitanda cha tatu kinakuita.

Siku hizi kwenye wodi yao wanatandika chini ya mama, mara tu mtoto anapotoka, karatasi ya plastiki yenye mfuko kwa mbele. Mfuko una mistari ya vipimo kama jagi la jikoni. Damu inashuka humo na mkunga anasoma. Kila robo saa anapima presha na mapigo ya moyo, anashika tumbo kujua kama mji wa mimba umekaza, anausoma mfuko.

Mhasibu wetu, robo saa ya kwanza, mfuko ulisoma mililita 350 na mapigo yalikuwa mbio. "Kwa macho ningesema ya kawaida," waifu aliniambia. "Na ningeenda kitanda cha tatu." Akaweka mkono tumboni. Mji wa mimba uliokaza, anasema, unakuwa mgumu kama dafu. Huu ulikuwa laini kama unga wa maandazi uliochacha.

Kilichofuata wanakiita kifurushi, kwa sababu mambo yake yote yanafanyika kwa pamoja. Zamani mkunga alikuwa anajaribu moja, anasubiri, likishindikana anajaribu la pili, na dakika zinayoyoma. Sasa mmoja anakanda tumbo mpaka mji wa mimba ukaze, mwingine anatundika dripu yenye oksitosini, inafuata sindano ya asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, huku wanakagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki. Isipokatika, daktari wa zamu anaamshwa bila kuombwa radhi. Lengo ni robo saa, kila kitu kiwe kimekwisha.

Usidhani huu ni ubunifu wa wodi moja tu. Njia hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 200,000, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2023. Hospitali zilizotumia mfuko na kifurushi ziligundua asilimia 93 ya waliokuwa wanatokwa damu nyingi, wakati zile zilizoendelea na macho ziligundua kama nusu tu. Madhara makubwa, yaani damu kuzidi lita moja, kupasuliwa kwa ajili ya damu, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna mashine ya mamilioni pale. Ni plastiki, dawa zilizokuwepo kabatini miaka yote, na watu waliokubaliana nani anashika nini.

(Oksitosini yenyewe inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Kwa hiyo umeme ukikatika, waifu huwa anawaza friji mbili, ya kwetu na ya wodini. Ya kwetu ndiyo anayoiwaza mwisho.)

Damu ya mhasibu ilikatika, lakini alikuwa amepungukiwa vya kutosha kuhitaji kuongezwa chupa mbili. Zilikuwepo. Kisha fundi akaombwa, kama ndugu wengine wanavyoombwa, achangie kurudisha akiba. Akakunja shati kwa mbwembwe zote, akapandishwa kwenye mzani. Kilo 47! Mchangiaji anatakiwa awe na 50 na kuendelea. "Niliona aibu kuliko siku ya posa," aliniambia. Akapigiwa simu shemeji yake, kaka wa mke, mtu wa gym, akaja saa moja asubuhi na bodaboda. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila minne. Nyinyi mnaokwenda gym Mikocheni mkipiga picha kwenye vioo, mmesikia.

MDOLI KWENYE KOCHI LETU

Mwaka wa kwanza wa ndoa niliporudi nyumbani nilimkuta waifu kapiga magoti mbele ya kochi. Kalaza mto, anaukandamizia kibakuli cha plastiki huku anahesabu kwa sauti, "Pumua... mbili, tatu... pumua... mbili, tatu." Nikasimama mlangoni na mfuko wangu wa matembele. Akaniambia nisimkatishe, bado sekunde ishirini.

Alikuwa anarudia somo la mtoto asiyelia. Wodini wana mdoli wa kufanyia mazoezi. Ndani anajazwa maji ili awe na uzito wa mtoto kweli, na kwenye kitovu kuna kipira ukikiminya mapigo yanasikika. Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga ana dakika moja ya kumkausha, kumsisimua na kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Wanaiita dakika ya dhahabu. Mafunzo hayo yalipojaribiwa kwenye hospitali nane za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47.

Lakini kuna jambo lililonivutia zaidi, na linatuhusu hata sisi wa maofisini tunaopenda semina za hotelini zenye chai na sambusa. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, waligundua kwamba semina ya siku moja iliwafanya wahudumu wafanye vizuri sana kwenye mdoli, ila kwenye chumba cha kujifungulia hakikubadilika kitu! Cheti mtu anacho, mikono imesahau. Wakabadili mtindo: mazoezi mafupi, dakika chache, palepale wodini, tena na tena. Hapo ndipo vifo vikaanza kushuka.

Wazo hilohilo likapanuliwa kwenye hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Dk. Benjamin Kamala wa Haydom ni mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Walifuatilia akina mama na watoto wapatao 300,000, na Februari 2025 matokeo yakatoka kwenye mojawapo ya majarida makubwa ya udaktari duniani: vifo vya akina mama vilipungua kwa kama asilimia 75, vya watoto wa siku ya kwanza kwa asilimia 40. Waifu alinisomea habari hiyo kwenye simu yake kitandani, usiku wa ofu, badala ya kuniangalia mimi. Nilimsamehe.

MIDOMO YA MANESI

Najua unachotaka kusema, msomaji. "Mbona mimi nilitukanwa?" Ninao marafiki wa kike ambao mpaka leo hawasahau maneno waliyoambiwa leba. Mmoja alifokewa kwamba wakati anaipata hiyo mimba hakupiga kelele. Mwingine alipigwa kofi la paja. Sitawatetea waliofanya hivyo, na waifu hawatetei.

Nilimuuliza kama ni msongamano. Akafikiri. "Msongamano unakufanya usimsikie mtu," alisema. "Haukufundishi kutukana. Kutukana kuna mtu kakufundisha, na mara nyingi ni mkubwa wako kazini, alikutukana wewe ulipokuwa mwanafunzi." Kwenye wodi yao wamekubaliana jambo dogo: kila mama anasalimiwa na kuambiwa jina la mkunga wake kabla hajaguswa. Basi. Sekunde tano. Anasema wanaojua jina lake wanapiga kelele kidogo zaidi, kwa sababu wanajua la kuita, lakini wanaogopa kidogo kuliko wengine.

Na kuna mambo mengine ambayo hayawezi kurekebishwa kwa salamu. Mama kuwa na mtu wake pembeni wakati wa uchungu, kwa mfano. Shirika la Afya Duniani linalipendekeza waziwazi, na mkoani Kigoma kuanzia 2016 lilijaribiwa kwenye vituo kadhaa, akina mama wakaingia na mwenzao wanayemwamini. Wengi walichagua mama, dada au wifi. Wodini kwa waifu wanatamani, ila kati ya kitanda na kitanda kuna pazia tu, na pazia lenyewe lina historia. Ukimwingiza mume wa huyu umemvua nguo mke wa yule. Panapojengwa vyumba vyenye kuta, waume waingie. Mimi niliingia alipozaliwa binti yetu, kwa kuwa palikuwa na chumba, na nakuhakikishia hakuna filamu ya kutisha wala ya mapenzi iliyowahi kunifanya nilie vile.

Kliniki napo pana kituko chake. Sehemu nyingi mke akija na mume anahudumiwa kwanza. Nia ni nzuri: wapime pamoja virusi vya Ukimwi, wasikie pamoja dalili za hatari. Lakini je, aliyekimbiwa? Aliyefiwa? Ambaye jamaa yupo machimboni Geita? Huyo anakaa foleni mpaka saa saba, na kuna mahali ameambiwa alete barua ya mtendaji kueleza mume yuko wapi. Hapo ndugu zangu wa afya, pamoja na mapenzi yangu yote kwenu, mmekosea. Mimba haina kosa la baba kutokuwepo.

SIMU ILIYOPIGWA KUTOKA KWENYE BIMA

Mwaka jana waifu aliitwa kwenye kampuni moja ya bima. Walitaka mtu wa afya wa kukagua madai yanayoletwa na hospitali: kiti, kompyuta, kiyoyozi. Saa mbili mpaka saa kumi na moja, Jumamosi na Jumapili nyumbani. Mshahara karibu mara mbili. Nilipiga hesabu kwenye bahasha kabla hajamaliza kusimulia. Kiwanja chetu cha Chanika kingepata msingi mwaka huohuo.

Simu hiyo ilikuja wiki mbaya. Siku nne kabla walikuwa wamempoteza mama mmoja. Kifafa cha mimba. Aliletwa akiwa amechelewa sana, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wanamsubiri mume arudi safari aamue. Waifu alirudi asubuhi ile akakaa kibarazani na viatu vyake. Binti yetu akamletea kandambili, akazishika mkononi tu. Mimi nikapiga simu ofisini nikasema nitachelewa. Hatukuongea. Nilikaanga mayai, hakula.

Kila kifo cha mzazi kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku saba. Kikao kile anakiogopa kuliko mtihani wowote, japo shabaha yake si kutafuta wa kumnyooshea kidole. Wanarudisha safari yote nyuma: alianza kuumwa kichwa lini, nani aliambiwa, gari lilipatikana saa ngapi, dawa ilichomwa saa ngapi. Watafiti wawili wa Marekani, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba mama huuawa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Wakunga wetu wanahangaika na la tatu usiku na mchana. La kwanza liko sebuleni kwako na kwangu.

Tuliongea kuhusu ile kazi ya bima siku nyingi. Nilimwambia ukweli: namtaka nyumbani usiku, nimechoka kulala na mto. Yeye akaniambia ukweli wake: hata yeye amechoka, na kuna asubuhi akipita lango la hospitali tumbo linamsokota. Halafu akasema, "Nikikaa pale kwenye kiyoyozi, nitaona karatasi imeandikwa 'alitokwa damu, lita moja na nusu,' nitaigonga muhuri. Baba, nitaweza kweli?"

Alikataa. Sikupiga makofi, na sitakudanganya kwamba kiwanja hakikuniuma. Kilichotuokoa ni kwamba hakukataa bure: aliandika barua kwa mkuu wake kuomba asipangiwe zamu za usiku zaidi ya wiki moja mfululizo, akaeleza kwamba mtu aliyechoka anasoma vibaya mfuko. Walichukua miezi miwili kujibu. Walikubali, si kwake tu, kwa wodi nzima, mradi hakuna mgonjwa miongoni mwao. Mwezi huu kuna mgonjwa miongoni mwao. Lakini miezi mitatu iliyopita tulikula chakula cha usiku mezani, watatu, mara nyingi kiasi kwamba binti aliuliza kama mama kafukuzwa kazi.

KABLA HAMJAFIKA GETINI KWAKE

Nilimuuliza waifu, kama angekuwa na dakika tano na kila mwanandoa anayesoma gazeti hili, angesemaje. Hakuchukua hata moja kufikiri.

Kwanza, amueni mapema nani anaamua. Mke akiumwa kichwa kisichosikia dawa, akiona nyotanyota au ukungu machoni, akivimba uso na mikono, akitokwa damu au maji, mtoto akiacha kucheza tumboni, hakuna kusubiri ruhusa ya mtu wala tarehe ya mshahara. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, si ya kuondokea nyumbani na panado. Ruhusa itolewe leo, mkiwa mmekaa kwenye kochi, iwe ya kudumu.

Usafiri nao upangwe kabla. Ipo namba ya bure, 115, ya mpango wa m-mama, ulioanzia kanda ya ziwa na tangu 2022 ukaanza kusambazwa nchi nzima. Anayepokea ameandaliwa, anakuuliza maswali ya kitabibu, na ikiwa ni dharura anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anamtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa eneo lenu, na nauli inalipwa na mpango huo kwa simu. Andikeni 115 mahali panapoonekana. Kwetu ipo kwenye friji, juu ya vikaratasi.

Wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita mtaani na mabegi, msiwafungie geti mkidhani wanauza sabuni. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwaandaa zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Wao ndio wanaoweza kumwona mjamzito aliyevimba kabla mkunga hajamwona.

Jueni makundi yenu ya damu, wote wawili, na mjue shemeji gani ana kilo 50 zilizotimia.

Na mkoba uwe umefungwa mimba ikifika miezi minane. Kadi ya kliniki juu kabisa, si chini ya nguo. Khanga tano zilizofuliwa na kupigwa pasi, si mpya za dukani zenye gundi. Pamba, glovu, mpira wa kutandika, beseni, chupa ya chai, nguo za mtoto. Soksi za mtoto ndizo zinazosahaulika kila mara. Waifu ana dazeni nzima kwenye kabati lake la kazini, kanunua Kariakoo kwa hela yetu ya matumizi, na mimi nimeacha kuuliza.